Jinsi ya kuandika maoni ya filamu ulizotazama karibuni, kila aina kwa kipimo chake

Anayekuuliza "ile muvi vipi?" anataka kujua jambo moja: aitafute au aachane nayo. Kuitazama kutamgharimu. Netflix wenyewe wanakadiria kwamba saa moja ya video kwa ubora wa kawaida inaweza kula hadi GB 1 ya bando, na kwa ubora wa HD hadi GB 3. Juu ya hapo weka saa mbili za jioni yake, au nauli na tiketi kama anakwenda ukumbini. Maoni yako yanatakiwa yamsaidie kuamua. "Filamu kali sana, stori imesimama, kila mtu kauvaa uhusika" hayamsaidii chochote, maana maneno hayo unaweza kuyabandika kwenye filamu yoyote ile. Na ukimsimulia mkasa wote mwanzo hadi mwisho, umemlia uhondo kabla hajaketi.

Kinachofaa ni kusema filamu iliahidi nini, ikatimiza wapi, ikakwama wapi, kisha ushuhudie kwa tukio moja uliloliona mwenyewe. Filamu ya kutisha haiahidi kile kinachoahidiwa na filamu ya mapenzi. Maoni mengi yanapotea hapohapo: mtu anaipima ya kuchekesha kwa kipimo cha ya majonzi, au anailaumu katuni kwa kutokuwa picha ya ngumi.

Jua kwanza umetazama nakala ipi

Kabla hujamlaumu yeyote, hakikisha ulichokitazama ndicho kilichotengenezwa. Angalia mambo manne: urefu, lugha ya sauti, manukuu (maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya picha), na ubora wa picha.

Urefu ni rahisi. Tafuta dakika rasmi za filamu, linganisha na ulizonazo. Ikipungua kwa dakika kumi au zaidi, kuna kitu kimekatwa, na yule mhusika "aliyepotea bila maelezo" huenda alipotezwa na aliyekata nakala. Filamu zinazoonyeshwa kwenye mabasi na baadhi ya vituo vya televisheni huwa hivyo.

Lugha ya sauti inadanganya zaidi. RRR ya S. S. Rajamouli (2022) ilitengenezwa kwa Kitelugu, lakini wengi walioipata Netflix waliitazama ikiwa na sauti za Kihindi zilizopandikizwa. Midomo haiendi sawa na maneno, na mtazamaji asiyejua sababu anaandika kwamba uigizaji haukumkolea. Kama umetazama iliyopandikizwa sauti, sema hivyo kwenye mstari wa kwanza, na usitoe hukumu juu ya namna waigizaji wanavyozungumza. Hukumu miili yao, macho yao na wanavyocheza.

Kwetu Afrika Mashariki kuna jambo la ziada, nalo ni watafsiri wa vibandani. Lufufu kwa Tanzania, DJ Afro kwa Kenya, VJ Emmie kwa Uganda: hawa hawatafsiri tu, wanasimulia, wanatania, wanawapa wahusika majina mapya. Ukicheka mara ishirini kwenye picha ya Kichina iliyosimuliwa na DJ Afro, jiulize kumi na tano kati ya hizo zilikuwa za nani. Sauti ya msimulizi pia huufunika muziki na milio ya asili, kwa hiyo usiseme lolote juu ya muziki wa filamu uliyoitazama kwa namna hiyo. Kuna filamu ambayo msimulizi ni sehemu ya kazi yenyewe. Who Killed Captain Alex? (2010) ya Nabwana I.G.G. wa Wakaliga, Kampala, inajulikana duniani ikiwa na sauti ya VJ Emmie ndani yake, na kumtoa ni kuibomoa. Hiyo ipime pamoja na sauti yake.

Manukuu nayo yana makosa yake, hasa yaliyotungwa na mashabiki: utani unapotea, matusi yanalainishwa, majina yanachanganywa. Na nakala iliyorekodiwa kwa kamera ukumbini huwa na giza na vichwa vilivyokatwa pembeni. Giza hilo si la mpiga picha wa filamu.

Wakati wa kutazama

Chukua karatasi na kalamu. Simu ina mwanga, na ukiishika tu utafungua kitu kingine. Andika dakika na maneno mawili matatu, basi: "dk 34, mama anafunga mlango", "dk 61, nilianza kuangalia saa". Kumbukumbu tano hadi nane kwa filamu nzima zinatosha. Ukifika ishirini, ujue uliacha kutazama ukawa karani.

Ipo kumbukumbu moja ambayo usiiruke. Ukifika dakika ya 15, andika sentensi moja ya kile unachodhani filamu inakuahidi. "Nitaogopa nyumba hii." "Hawa wawili watapendana na familia zitakataa." "Huyu mzee atalipiza kisasi." Sentensi hiyo ndiyo utakayoirudia wakati wa kuandika. Filamu inaweza kubadilisha ahadi yake katikati, na ikiibadilisha kwa ustadi hiyo ni sifa kubwa. Ila ikiisahau tu, umeshapata kasoro yako kuu na ushahidi wake uko mkononi.

Pia andika kila mahali ulipotaka kushika simu, hata kama hukuishika. Mwili huchoka kabla akili haijajua imechoshwa na nini. Pale watu wawili watatu wanapochoka kwenye dakika zilezile, tatizo ni la mhariri wa filamu, si la usingizi.

Usitazame kwa kasi ya moja na nusu kisha ukaandika kwamba filamu inakimbia mno au waigizaji hawapumui. Na usiisimamishe kila baada ya dakika kumi. Filamu ya kutisha iliyosimamishwa mara nne haiwezi kutisha, kwa sababu hofu hujengwa kwa dakika zinazofuatana.

Ikiisha, kabla hujasoma la mtu mwingine yeyote, andika sentensi moja ya ulivyojisikia. Maoni kamili yaandike kesho yake. Ukiandika papo hapo, mwisho wa filamu unaufunika mwanzo wote: mwisho mzuri unasamehe saa nzima ya kuchosha, na mwisho mbaya unachafua kila kitu. Ukikaa wiki nzima, kitakachobaki kichwani ni matukio yaliyokuwa kwenye trela.

Kuandika yenyewe

Maneno 150 hadi 200 yanatosha kwa filamu moja. Mstari wa kwanza uwe na jina la filamu, mwaka, mwongozaji, nchi, dakika na lugha. Mwaka ni lazima, kwa sababu majina yanajirudia na msomaji asipokuwa nao atapakua nyingine.

Kisa kielezwe kwa maneno yasiyozidi 35, na kitoke kwenye robo ya kwanza ya filamu peke yake. Filamu ya dakika 100, basi yote unayoyasimulia yawe yametokea kabla ya dakika ya 25. Kipimo hiki kinaokoa ugomvi mwingi, kwa sababu robo ya kwanza ndiyo sehemu ambayo watengenezaji wenyewe huitumia kukuvuta. Zaidi ya hapo ni kumwaga mtama kwenye kuku wengi.

Baada ya kisa, tukio moja. Hapa ndipo utumie maneno mengi kuliko kwingine, kama 60 hadi 80. Chagua tukio linaloonyesha nguvu au udhaifu wa filamu nzima, ulieleze kwa vitu vinavyoonekana na kusikika: nani yuko wapi, anafanya nini, kamera inakaa kwa nani, muziki upo au haupo. Kisha kasoro moja iliyokusumbua kweli, na mwisho useme inamfaa nani na haimfai nani.

Huu hapa mfano:

"Nairobi Half Life (2012, David 'Tosh' Gitonga, Kenya, dakika 96, Kiswahili, Sheng na Kikuyu). Mwas anauza filamu kijijini na anaota kuwa mwigizaji. Anakwenda Nairobi, anaibiwa akiwa ndio kwanza ameshuka, na anaishia mahabusu. Huko wanamlazimisha kusafisha choo kichafu mno, na Joseph Wairimu anaicheza sehemu hiyo kiasi kwamba unamwona mtu akiamua asivunjike. Kipaji alichokwenda kukiuza mjini ndicho kinachomsaidia kuishi seli. Na papo hapo unaanza kumwogopea, kwa sababu kijana anayeweza kuwa mtu yeyote mbele ya yeyote, mjini kuna watu wengi watakaomtafutia kazi. Mhusika wa kike, Amina, alistahili nafasi kubwa zaidi ya aliyopewa. Kila anapoanza kufunguka, filamu inaondoka. Ina matusi na risasi, usiwashe watoto wakiwa macho. Kwa anayependa filamu za uhalifu zinazomfahamu mhalifu tangu akiwa mtoto wa mtu, itafute."

Tazama yaliyomo. Hakuna neno "kali". Kuna sehemu moja tu iliyosimuliwa kwa karibu, nayo iko mapema kwenye filamu. Sifa ya mwigizaji imefungwa kwenye kitendo. Lawama imetaja jina la mhusika na inaeleza kinachotokea, kwa hiyo hata asiyekubaliana nayo anajua pa kwenda kuhakiki. Na onyo la umri limetolewa kwa sentensi moja, bila mahubiri.

Kosa linalofanywa na watu waangalifu kabisa ni kuandika "sitasema lolote, ila mwishoni kuna jambo hutalitegemea". Umeshasema. Msomaji ataitazama filamu nzima akiwinda hilo jambo, atalikuta dakika ya 40, na atakasirika kwamba halikuwa kubwa. Kama huwezi kutoa maoni bila kugusa mwisho, andika aya ya pili iliyotengwa, iliyoanza na maneno "Kwa walioiona tu", na uiweke chini kabisa.

Kosa jingine ni kumchanganya mhusika na mwigizaji. "Yule dada simpendi, ana roho mbaya" ni sifa kwa mwigizaji. Jizoeze kutumia jina la mhusika unapoongelea matendo, na jina la mwigizaji unapoongelea ustadi.

Filamu za mapigano

Hizi zinaahidi kwamba utaona mwili ukifanya kazi na utaelewa nani kampiga nani. Chukua pigano moja, rudisha nyuma, hesabu mikato, yaani mara ambazo picha moja inakatwa na kuingia nyingine, ndani ya sekunde 10. Ukipata zaidi ya kumi na hujui ngumi ilitoka wapi, umepata sababu ya kichwa kukuuma. Mara nyingi mikato mingi huficha mwigizaji asiyejua kupigana. Linganisha na John Wick (2014): Chad Stahelski, mmoja wa walioiongoza, aliwahi kuwa mbadala wa Keanu Reeves kwenye matukio ya hatari ya The Matrix, na kamera yake inakaa mbali kidogo, mwili mzima unaonekana, na pigo linaanza na kuisha ndani ya picha moja.

Lakini mikato mingi peke yake si kosa. Mad Max: Fury Road (2015) inakata kwa kasi sana na bado unaelewa kila kitu, kwa sababu George Miller alitaka kitu cha kutazamwa kiwekwe katikati ya fremu, picha baada ya picha, ili jicho lisihangaike kukitafuta. Margaret Sixel alipata Oscar kwa kuihariri. Kwa hiyo usiandike "mikato mingi mno" kama hujajaribu kuona jicho lako lilikuwa wapi.

Angalia pia mstari. Watu wawili wakikabiliana, kamera kwa kawaida hubaki upande mmoja wa mstari wa kufikirika unaowaunganisha. Ikiruka upande wa pili bila sababu, aliyekuwa kushoto anatokea kulia, nawe unahisi kizunguzungu usichoweza kukieleza. Sasa unaweza kukieleza.

Vibandani tulikua na imani kwamba steringi hafi. Basi usipoteze maneno kujadili kama atakufa. Uliza ushindi wake umemgharimu nini. Aliyepigwa risasi ya bega dakika ya 50 na dakika ya 55 ananing'inia kwa mkono uleule amekutoa kwenye filamu, hilo liandike.

Za kutisha

Tenganisha kushtuka na kuogopa. Kushtuka ni kazi ya sauti: kimya cha sekunde kadhaa, kisha mlio mkubwa ghafla. Hata paka akiruka kabatini utashtuka. Kuogopa ni kutotaka mhusika afungue mlango ingawa hakuna mlio wowote. Kwenye karatasi yako weka alama mbili tofauti, kisha uone ipi imezidi. Filamu yenye mishtuko kumi na mbili na hofu sifuri inafaa kutazamwa na marafiki kwa makelele, na ni haki kusema hivyo bila kuidharau.

Tumia spika za masikioni, au sauti nzuri. A Quiet Place (2018), ambamo viumbe huwinda kwa kusikia, haiwezi kupimwa kwenye spika ya simu huku jirani anapiga muziki. Na msikilizaji wa Kiswahili ana faida yake kwenye Get Out ya Jordan Peele (2017): wimbo wa mwanzo, Sikiliza Kwa Wahenga wa mtunzi Michael Abels, unaimbwa kwa lugha yetu na unamwonya mhusika kabla hatari haijaonekana. Watazamaji wengi wa Marekani walisikia sauti za ajabu tu. Sisi tulipewa onyo tangu mwanzo, na kama unatoa maoni kwa Waswahili ni jambo la kuandika, kwa sababu filamu yetu na yao hapo si moja.

Za kuchekesha

Ucheshi ndiyo aina inayoonewa zaidi, kwa kuwa unategemea ulitazama na nani. Taja kama ulikuwa peke yako au na watu. Kisha angalia mchekesho unatoka wapi: maneno, mwili, au hali. Wa maneno hufa kwenye tafsiri; wa mwili huvuka mipaka bila pasi. Filamu iliyojaa utani wa Sheng inaweza kumpita Mtanzania kabisa bila kosa la mtu, na msomaji wa Dar anastahili kuambiwa. Hesabu vicheko vya dakika 20 za mwanzo na 20 za mwisho. Filamu nyingi za aina hii hukauka pale zinapoanza kutafuta mafunzo. Angalia vilevile nani anachekwa. Kama kila kicheko kimetoka kwa mtu mnene, mlemavu au mtumishi wa ndani, mwandishi wa muswada hakujisumbua.

Za maisha, mapenzi na machozi

Kulia si ushahidi wa ubora. Uliza machozi yaliletwa na kitendo au na kinanda. Njia ya kujua: rudia tukio ukiwa umezima sauti. Likibaki na uzito, limesimama lenyewe. Supa Modo (2018) ya Likarion Wainaina, ya dakika 74, inamhusu Jo, binti mdogo anayeumwa ugonjwa usio na tiba na anayependa filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Ugonjwa unajulikana mapema, kwa hiyo kuutaja si kumharibia mtu. Filamu haikushikilii kwa swali la kama atapona, inakushikilia kwa namna dada yake na kijiji kizima wanavyoamua kumpa muda wa furaha. Maoni yanayoanza na "andaa leso" yanaiuza vibaya. Sehemu kubwa ya filamu hiyo ni uchangamfu wa watu wanaotengeneza jambo kwa pamoja.

Za Kihindi

Usilalamikie urefu wala nyimbo kana kwamba ni ajali. Zimetengenezwa kwa mapumziko katikati, na maandishi ya mapumziko mara nyingi yamo ndani ya filamu. Zipime kama nusu mbili: nusu ya kwanza imekuachia swali la kurudi nalo? Nusu ya pili imelijibu? Kwa wimbo, uliza hali ya wahusika ilivyokuwa kabla na ilivyo baada. Kwenye RRR, ngoma ya Naatu Naatu, iliyopata Oscar ya wimbo mwaka 2023, inajenga urafiki wa wanaume wawili mbele ya wakoloni wanaowadharau. Ukiiruka umeruka sehemu ya kisa. Wimbo ambao ukiuondoa hakuna kinachopungua, huo ulaumu.

Katuni

Hapa watu huandika "nzuri kwa watoto" na kuondoka. Tazama mwendo. Filamu ya kawaida ina fremu 24, yaani picha 24 zinazofuatana, kwa sekunde. Katika Spider-Man: Into the Spider-Verse (2018), Miles, kijana anayejifunza kuwa Spider-Man, mara nyingi anasogezwa kwa mikao 12 tu kwa sekunde huku Peter, Spider-Man mzoefu aliye karibu naye, akiwa na 24, ndiyo maana kijana anaonekana kukwamakwama kama mtu anayejifunza. Anapojiamini, mwendo wake unalainika. Ukiona mhusika wa katuni anasogea tofauti na wenzake, usikimbilie kusema kompyuta zao zilishindwa.

Za kweli

Kwa filamu za maisha halisi zisizo na waigizaji (documentary), mada nzito haifanyi filamu kuwa nzuri. Jiulize nani amepewa nafasi ya kusema, nani anasemewa, na kamera ilikuwa na ruhusa kiasi gani ya kuingia. The Letter (2019) ya Maia Lekow na Christopher King inaingia kwenye familia moja ya pwani ya Kenya ambamo bibi ametuhumiwa uchawi, na inachukua muda kusikiliza hata wanaomtuhumu. Hapo kuna jambo la kuandika: subira ya kamera. Kusema tu kwamba mauaji ya wazee ni mabaya ni kuhukumu jamii, filamu bado hujaigusa.

Zilizotoka kwenye vitabu, na zetu wenyewe

Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji (2021) imetokana na riwaya ya Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 1999, na waliosoma kitabu shuleni huwa na orodha ya yaliyoachwa. Orodha hiyo ifupishe iwe sentensi moja. Kitabu kinachosomwa kwa siku kadhaa hakiwezi kuingia chote kwenye saa moja na nusu. La kuuliza ni kama kilichobaki, Yasmin aliyeikimbia ndoa na Denge mwanaharakati kwenye Zanzibar ya miaka ya 1950, kinaeleweka kwa mtu ambaye hajawahi kukigusa kitabu. Mtafute mmoja asiyekisoma, umwulize alipopotea.

Kuhusu bongo muvi na filamu nyingine za nyumbani, watu hugawanyika: wapo wanaozibeba kwa huruma na wapo wanaozidharau kabla ya kuwasha. Wote wawili hawamsaidii msomaji wala mtengenezaji. Tenganisha kosa la fedha na kosa la umakini. Helikopta iliyochorwa vibaya kwenye kompyuta ni fedha. Mazungumzo yanayopiga mwangwi sebuleni ni kinasa sauti kilichowekwa mbali na mdomo, na kukisogeza hakugharimu kitu. Shati linalobadilika rangi katikati ya maongezi, gari linaloonyeshwa dakika mbili likisubiri mlinzi afungue geti, mtu anayeeleza kwa mdomo kile tulichokiona sasa hivi: hayo yote ni umakini. Lawama za umakini zitoe bila kusitasita, za fedha zitoe kwa kipimo. Na kama filamu iliuzwa kwa sehemu ya kwanza na ya pili, zitazame zote ndipo uandike, maana hiyo ni filamu moja iliyokatwa kwa sababu za biashara.

Nyota

Nyota za kutoa alama si lazima. Ukizitumia, tumia tano na uandike maana yake mahali pa kudumu: 1, niliiacha njiani au nilitamani, 2, kuna tukio moja zuri, 3, sikujutia muda, 4, nitamwambia rafiki aitafute, 5, nitaitazama tena mwaka huu. Tatu ndiyo iwe ya kawaida. Ukikuta filamu nane kati ya kumi umezipa nne au tano, kipimo chako kimekufa na msomaji ameshajua. Usitoe nusu hadi umezoea. Na usiwahi kutoa nyota kwa filamu uliyoiacha dakika ya 40 bila kuandika kwamba uliiacha dakika ya 40.

Ukiandika kadhaa kwa mpigo

Filamu tano hadi saba kwa mwezi zinasomeka vizuri kwa pamoja. Usizipange kwa ubora, maana msomaji atasoma ya kwanza na ya mwisho tu. Changanya aina: ya mapigano, kisha ya kweli, kisha katuni. Usizipe zote urefu sawa. Iliyokugusa ipe maneno 250, ya kawaida 60, na iliyokukera bila kukufundisha kitu sentensi mbili zinatosha. Kabla ya kutuma, tafuta maneno "kali", "noma", "imesimama" na "imeenda shule" kwenye ulichoandika, na kila unapoyakuta weka tukio badala yake. Hakiki majina ya waongozaji na waigizaji herufi kwa herufi kutoka kwenye majina ya mwisho wa filamu yenyewe.

Ukiirudia filamu baadaye na maoni yakabadilika, usifute ya zamani. Ongeza mstari chini yake wenye tarehe, useme umeitazama tena kwa nakala ipi, kwenye skrini gani, na kilichobadilika ni nini.